Duara lililokimbia nje ya mlango: kisa cha faili moja na mashine mbili

Saa tisa mchana fundi wa mbao mwenye mashine ya CNC, ile inayochonga yenyewe ikiongozwa na kompyuta, kanipigia, hata shikamoo yangu hakuimalizia kuitikia, kasema tu "mdogo wangu mashine imechizi, njoo uone mlango wa watu." Nikapanda bodaboda mpaka Keko. Nakuta mlango wa pili wa mninga uko mezani, kona ya chini kushoto ina mfereji umepinda vizuri kabisa kama umechorwa na bikari, kina cha milimita 4, umetoka ndani ya mlango ukaenda ukakata ukingo wa kushoto, na pale nje klempu ya chuma ina kovu jeupe na kipande cha biti, kile kisu kinachozunguka na kuchonga, kiko sakafuni. Fundi amekaa kwenye ndoo. Kijana wake anafagia unga wa mbao ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Watu kadhaa wameniuliza tangu siku ile ilikuwaje, na kila nikisimulia kwa kifupi wanasema "aah, si ile Mach3 bwana", halafu wanaenda zao. Hapana. Mach3, programu inayoiendesha mashine, ilifanya ilichoambiwa. Nimeona bora niiandike yote, maana mwenye kosa kubwa humu ni mimi na sehemu yenyewe nilipokosea ni ndogo kiasi kwamba ningeweza kuirudia kesho.

Kazi ilikuwa hivi. Milango miwili ya mninga, upana milimita 900 urefu 2100, kila kona ya mlango ina ua la kuchonga lenye ukubwa kama wa sahani, mimi natengeneza faili, karakana ya fundi ndo ina mashine. Mashine yake ni ile saizi ambayo wengi wanaijua, meza ya 1300 kwa 2500, inaendeshwa na kompyuta ya zamani yenye Mach3, waya wa paralelo unatoka nyuma unaingia kwenye boksi la mota. Kompyuta hiyo haijawahi kuguswa na intaneti na hakuna anayetaka iguswe, maana draiva ya Mach3 ya ule waya wa paralelo haitaki Windows ya 64-bit, ukijifanya unaiboresha umeua karakana.

Mimi nyumbani nina kamashine kadogo, zile 3018, meza ya milimita 300 kwa 180, ubongo wake ni kabodi ka Arduino kenye GRBL ndani, programu inayofanya kazi kama ya Mach3, naituma kodi kwa programu ya Candle. (Nikisema kodi humu namaanisha kodi za G, zile G0 G1 G2, sio ya nyumba.) Michoro nachora kwenye VCarve. Kawaida yangu kabla sijapeleka faili kwa fundi nalichonga kwanza nyumbani kwenye kipande cha MDF. Ua la kona lilikuwa na ukubwa wa milimita 160 kwa 160 kwa hiyo lilienea, nikalichonga, likatoka safi, nikapiga picha nikamtumia mteja, mteja karudisha vidole gumba vitatu.

Asubuhi mlango wa kwanza ukapita. Kona zote nne. Saa sita akaja mtu na kazi yake ya haraka, mbao za ngazi, faili lake la miaka kadhaa nyuma lililotoka karakana nyingine, fundi akamchongea, dakika arobaini hivi, akalipwa, wakala. Baada ya kula wakaweka mlango wa pili, wakatafuta sifuri ya X na Y kwenye kona (X ni kwenda kulia, Y ni kwenda juu ya mlango, Z ni kina), sifuri ya Z juu ya ubao, wakafungua faili langu lilelile la asubuhi, wakabonyeza kuanza. Biti ikashuka pale inapotakiwa kushuka, halafu badala ya kuanza kajani kadogo ikaondoka na safari yake. Fundi anasema alipofikisha mkono kwenye kitufe chekundu biti ilikuwa imeshakatika. Namuamini, nitaonyesha hesabu huko mbele.

Sasa pale karakana kila mtu ana jibu lake tayari. Kijana anasema mota imeruka hatua. Jirani wa karakana ya pili anasema ni umeme wa spindo, ile mota inayozungusha biti, unaingilia waya wa paralelo, kwamba yeye kwake iliwahi kumfanyia. Mimi nikasema labda flashi imeharibu faili. Haya yote ni mambo yanayotokea kweli, ila angalia ule mfereji. Mota ikiruka hatua, kinachotokea ni mchoro kuhama, ua linakuwa uleule ila limesogea, au mstari uliotakiwa kunyooka unapata ngazi. Kelele za umeme nazo zinaleta mikwaruzo ya ovyo, haziwezi kuketi zikachora sehemu ya duara isiyo na doa. Mfereji ule ulikuwa na makusudi. Mashine ilikuwa inajua kabisa inakwenda wapi.

Faili nikalilinganisha na la kwenye laptopu yangu, Windows ina amri ya zamani inaitwa fc, unaipa mafaili mawili inakwambia yanatofautiana wapi. Hakuna tofauti hata herufi. Sifuri nikaipima upya, ipo palepale kwenye kona. Hapo ndo nikaanza kuogopa, maana faili ni lilelile, mashine ni ileile, sifuri ni ileile, asubuhi imekubali mchana imekataa.

Kilichonitoa ni penseli. Nikasema kama hili ni duara basi lina kitovu, nikitafute. Ni ile hesabu ya shule, unachukua nukta tatu kwenye mfereji, unaunganisha mbili mbili kwa rula, kila mstari unautafutia katikati yake, unapiga mstari wa pembe mraba hapo, hiyo mistari miwili ikikutana ndo kitovu. Fundi akaniletea skweya. Mistari ikakutana chini kabisa, kwenye ukingo wenyewe wa mlango, milimita kama 20 toka kona. Kwa lugha ya mashine: X20, Y0.

Nikafungua faili, nikashuka mpaka tao (kipande cha duara) la kwanza baada ya biti kushuka. Biti iko X100 Y100, na mstari unasema:

G3 X120 Y80 I20 J0

Nilikaa kimya pale kama dakika nzima. I20 J0. Kitovu X20 Y0.

Kwa ambao hawajawahi kufungua faili la namna hii, G3 ni "chora tao kinyume cha saa", X na Y ni pale tao linapoishia, na I na J zinasema kitovu cha tao kiko wapi. Tatizo ni kwamba hiyo "kiko wapi" ina maana mbili na zote ni halali. Ya kwanza, unahesabu toka pale biti ilipo: biti iko X100 Y100, ongeza 20 kwenye X na 0 kwenye Y, kitovu ni X120 Y100, nusukipenyo milimita 20, robo duara ndogo yenye urefu wa milimita 31 hivi, hiyo ndo ncha ya jani langu. Ya pili, unahesabu toka sifuri ya ubao: kitovu ni X20 Y0 basi, na toka hapo mpaka kwenye biti ni milimita 128. Sasa biti inatakiwa iende toka X100 Y100 mpaka X120 Y80 kinyume cha saa ikizunguka kitovu hicho cha mbali, na kwa bahati mbaya hizo nukta mbili ziko upande uliokosewa kwa mwelekeo huo, kwa hiyo njia pekee ni kuzunguka karibu duara zima, digrii 347, mduara wenye kipenyo cha milimita 256 unaofika X hasi 108 na Y hasi 128. Nje ya mlango.

Kilichonishangaza zaidi nilipokipiga hesabu usiku ni kwamba nusukipenyo ya mwanzo na ya mwisho zinalingana kabisa, 128.06 na 128.06. Kwa kawaida kontrola, yaani programu zinazosoma kodi na kuendesha mota, zina ulinzi hapa: zinapima umbali wa kitovu mpaka mwanzo wa tao, zinapima mpaka mwisho, vikitofautiana inasimama inalalamika. LinuxCNC inafanya hivyo, GRBL inafanya hivyo na inakupa error 33. Matao mengine kwenye faili langu yangeshikwa kirahisi, kuna moja hapo chini lina tofauti ya milimita 28. Ila hili la kwanza, kwa sababu nimeanzia X na Y zilizolingana na ua langu lina ulinganifu, tao lisilo sahihi lilitoka halali kihesabu. Kontrola yoyote inayosoma I na J toka sifuri ingelichonga bila kunung'unika. Ulinzi wa mipaka ya meza nao usingesaidia, maana mlango ulikuwa umewekwa kama sentimita 20 ndani ya kona ya meza, hiyo hasi 128 bado iko ndani ya mwendo wa mashine. Mashine haijui kwamba pale kuna klempu.

Na mwendo. Nilikuwa nimeweka milimita 3000 kwa dakika, yaani 50 kwa sekunde. Toka biti iliposhuka mpaka ukingo wa kushoto kwa njia ile ni milimita 106. Sekunde mbili na kidogo. Fundi alikuwa hatua tatu toka kwenye kitufe.

Haya, kwa nini asubuhi ilikubali? Zile maana mbili za I na J zina kodi zake: G91.1 inasema hesabu toka biti ilipo, G90.1 inasema hesabu toka sifuri. Usichanganye na G90 na G91 zisizo na nukta, hizo ni za X na Y na Z. Na hizi kodi ni za kukaa, ukishaiambia mashine mara moja inabaki hivyo mpaka uiambie vingine. Nikaliomba lile faili la mbao za ngazi, likawa bado liko kwenye kompyuta, nikalifungua kwa Notepad. Mstari wa tatu: G90.1. Nani aliliandaa sijui, ila alikuwa mtu makini, programu yake ilikuwa inatoa matao kwa hesabu ya toka sifuri na akaiambia mashine wazi. Faili lake lilipoisha mashine ikabaki kwenye hali hiyo. Langu likaja, halikusema kitu, likasomwa kwa masikio ya mwenzake.

Tukajaribu palepale bila mbao, spindo imezimwa, Z imeinuliwa juu. Tukaendesha faili la ngazi mpaka mwisho, tukafungua langu, kwenye kioo yakaja maduara makubwa yamepandana kama utando wa buibui na katikati huoni ua lolote. Nikaenda ukurasa wa MDI, ule wa kuandika amri moja moja kwa mkono, nikaandika G91.1, nikabonyeza kitufe cha kuchora njia upya, buibui kaondoka, ua limekaa. Kijana akasema "ahaa." Fundi akanyamaza kidogo halafu akasema, "Huo utando niliuona. Nikajua ni kioo." Simlaumu, kioo kile kina vumbi la miaka na ile picha ya njia huwa inacheza cheza ukikuza ukipunguza, mtu anazoea kuipuuza.

Sasa tufike kwangu. VCarve inapotoa faili inapitia posti, yaani kale kafaili kanakoambia programu kontrola hii inapenda kuandikiwa vipi. Posti ya Mach3 ya milimita inayokuja na VCarve inaanza kwa mistari kama hii: G00G21G17G90G40G49G80, halafu G71G91.1, halafu T1M06. Unaiona? Imo. Watengenezaji wa posti walishajua hili tatizo kitambo na wakaliziba kwenye mstari wa pili.

Mimi nilitaka posti moja kwa mashine mbili. Uvivu, sina neno lingine, VCarve ina posti ya GRBL iko tayari, ila nilikuwa nimechoka kutoa mafaili mawili kwa kila kazi halafu kujichanganya lipi ni lipi. Nikachukua posti ya Mach3, nikaituma kwa kamashine kangu, GRBL ikagoma, error 20, kodi haifahamiki. Ilikuwa inagomea G71, kwake milimita ni G21 tu. Mimi sikutazama ni neno gani, nilitazama ni mstari gani, nikafuta mstari mzima. T1M06 nayo ikagoma, nikafuta. G43 nayo hivyohivyo, nikafuta. Mwisho GRBL ikakubali kila kitu nikafurahi, nikaihifadhi kwenye folda ya posti zangu kwa jina la "zote". Jina lenyewe linachekesha sasa.

Na hapa ndo kipimo changu cha nyumbani kilipokuwa bure kabisa bila mimi kujua. GRBL inajua namna moja tu ya kusoma I na J, toka biti ilipo. G90.1 ukiipa inaikataa. Kwa hiyo kwenye 3018 faili langu lisingeweza kukosea hata ningetaka, iwe na G91.1 isiwe nayo ni sawa tu. Ile MDF nzuri niliyopiga picha ilithibitisha umbo la ua, ilithibitisha biti na kina, ila kuhusu hali ya mashine ya fundi haikusema lolote, na mimi nilikuwa naichukulia kama cheti. Ukimuuliza swali mtu ambaye ana jibu moja tu maishani, hujapata jibu.

Nyuma ya haya yote kuna historia kidogo. Kodi za G zina kiwango, Wamarekani walitoa RS-274-D mwaka 1980, baadaye kuna ISO 6983, lakini viwango hivyo viliacha mianya mingi na kila mtengenezaji wa kontrola akaijaza kivyake. Mach3 na LinuxCNC zote mizizi yake ni mradi mmoja wa kontrola wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ndo maana zinafanana lugha, na hata hivyo kuna sehemu hazielewani. GRBL ikaja baadaye kabisa, imebanwa iingie kwenye kachipu kenye kumbukumbu ya kilobaiti 2, kwa hiyo ikachukua kinachohitajika sana na kuacha mengine. Mafaili yanafanana kwa macho. Lafudhi ni tofauti.

Kurekebisha nilifikiria njia tatu. Kwanza kutoa matao kwa R badala ya I na J, unaandika G3 X120 Y80 R20 na hapo hakuna cha kitovu toka wapi. Nikaiacha kwa sababu R haiwezi kuchora duara zima, mwanzo na mwisho vikiwa sehemu moja mashine haijui kitovu kiko upande gani, na tao likikaribia nusu duara kosa dogo la desimali linahamisha kitovu mbali. Ua langu lina vitobo duara kumi na viwili. Pili, kutoa kila kitu kwa mistari mifupi iliyonyooka bila tao hata moja. Inafanya kazi kweli, ila faili linavimba na ile kompyuta ya fundi ikipewa vistari vidogo vingi mwendo unakuwa wa kudundadunda, kwenye mninga unaona alama.

Kwa hiyo nimerudi kwenye la tatu ambalo ndo lilikuwepo tangu mwanzo, kila faili liseme lenyewe. Posti ya "zote" nimeifuta. Ya fundi sasa inaanza na G21 G90 G17 G40 G49 G80 G54 na chini yake G91.1 peke yake kwenye mstari wake, ili siku nyingine nikipitiwa na ufutaji nisiifute kwa kosa la jirani yake. Ya nyumbani ni ile ya GRBL, haijaguswa. Na kwenye Mach3 ya fundi, kwenye mipangilio ya jumla kuna kisanduku cha kodi za kuanzia, tumeweka G91.1 humo na tumeweka tiki isomwe kila mashine inapowekwa upya, kwa hiyo yule wa ngazi akija na G90.1 yake, fundi akibonyeza kuweka upya kabla ya kazi inayofuata mambo yanarudi.

Kuna waliosema ningemwambia fundi aendeshe kila faili hewani kwanza. Anafanya hivyo kwa kazi mpya. Hii haikuwa kazi mpya, ilikuwa imetoka mezani asubuhi ikiwa safi, ningekuwa mimi nisingeirudia hewani.

Mlango tuliuokoa, nusu kwa nusu. Fundi alichimba ule mfereji ukawa mpana kidogo wenye kingo nyoofu, akatafuta kipande cha mninga chenye nyuzi zinazoelekea kulekule, akakipachika kwa gundi, akapiga randa. Ukijua pa kutazama unakiona. Tulimwambia mteja ukweli kabla hajakiona mwenyewe, akaangalia akasema aah huo uende upande wa stoo, tukampunguzia, nusu kwangu nusu kwa fundi ingawa mimi nilitaka niibebe yote, fundi akakataa akasema na yeye aliuona utando.

Wiki mbili zilizopita kanitumia picha ya kioo saa mbili asubuhi, maduara yamejaa, chini kaandika "sijabonyeza kitu, ndo huyo buibui?" Moyo ulinidunda. Nikamwambia abonyeze kuchora upya, afute kioo kwa kitambaa, akuze picha. Baada ya dakika tano akajibu: "Ua lipo. Leo ilikuwa kioo."